Shahada ya sheria ni nusu ya safari: hesabu ya deni kutoka Lodwar na Kakuma



Kaka yangu aliondoka Mombasa akiwa utingo wa lori la shehena za kaskazini. Akafika Lodwar, akaoa, akaacha lori, akafungua duka. Nyumbani tulisema atarudi. Hakurudi. Leo binti yake wa kwanza, aliyezaliwa Lodwar kwa mama Mturkana, ana shahada ya sheria. Yuko Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka kwa wazazi wake, akifanya kazi ya mkataba katika ofisi moja ya msaada wa kisheria.

Nilipokwenda kuwatembelea mara ya mwisho, alipanda matatu akaja Lodwar tuonane. Baada ya isha, chakula kishaondolewa mkekani, akaniuliza:

"Ami, nikope tena niende Karen, au nishikilie kazi niliyo nayo?"

Baba yake alikuwa na jibu tayari: ile ploti yake ya Mtwapa iuzwe. Shemeji yangu hakusema neno, lakini nilijua mbuzi wake nao walikuwa wameshahesabiwa. Mimi nina diploma tu, tena si ya sheria. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe muda nipige hesabu."

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Naiandika hapa kwa sababu swali hili si lake peke yake. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mabarazani kwetu Kisauni, Malindi na Lamu husikii ila "mtoto wangu atakuwa wakili". Ni nia njema. Lakini mzazi anayetamka neno hilo mara nyingi anaona nusu ya njia tu, na deni linalovunja familia limekaa katika ile nusu asiyoiona.

Shahada si uwakili

Tuanze na jambo ambalo wengi hawaambiwi siku ya kujiunga na chuo kikuu. Miaka minne ya shahada ya sheria haimfanyi mtu wakili. Baada ya mahafali na picha za joho, mhitimu anatakiwa aende Chuo cha Mafunzo ya Sheria, KSL, kilichoko Karen, Nairobi. Hapo anasoma karibu mwaka mmoja, kisha anafanya uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mzoefu. Anakabiliwa na mitihani ya masomo tisa inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Akifaulu yote ndipo anakula kiapo mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili. Na hata hapo, ili afanye kazi hiyo lazima alipie leseni kila mwaka.

Masomo hayo tisa si mchezo. Wanaofeli ni wengi, na anayefeli somo moja hurudia kwa gharama yake, huku maisha ya Nairobi yakiendelea kumla.

Kuna mtego mwingine mlangoni pa Karen kwenyewe. Sheria ya KSL ya mwaka 2012 iliweka vigezo vya kujiunga vinavyogusa alama za kidato cha nne, ikiwemo B ya Kiingereza au Kiswahili. Vijana waliopita njia ndefu, kutoka diploma hadi shahada, wamekuwa wakigombania mlango huo mahakamani kwa miaka mingi. Wengine walisoma, wakakopa, wakahitimu, ndipo wakaambiwa alama zao za zamani hazitoshi. Sisi tuliopitia diploma tunajua uchungu wake. Kwa hiyo neno la kwanza kwa mzazi: kabla ya kulipa hata muhula mmoja, chukua hati ya KCSE ya mtoto, uliza KSL wenyewe, na jibu lije kwa maandishi. Na wewe kijana uliye darasani sasa, usidharau Kiswahili. B yake inaweza kukufungulia mlango ambao Kiingereza kimekufungia.

Deni lina sura mbili

Sasa tuje kwenye pesa. Binti wa kaka yangu aliingia chuo kabla ya mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023. (Mfumo huo wenyewe umezua kesi: Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata. Kwa hiyo wanaoingia sasa wafuatilie kwa makini.) Yeye alikopa kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Tuchukue mfano wa Sh60,000 kwa mwaka kwa miaka minne. Jumla ni Sh240,000.

Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa deni hilo ni kama Sh9,600 kwa mwaka, yaani Sh800 kwa mwezi. Hakuna mkopo wa benki utakaoupata kwa bei hiyo. Hatari yake iko kwingine. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, unatakiwa uanze kulipa. Usipolipa, kuna faini ya Sh5,000 kila mwezi. Hiyo ni Sh60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara sita ya riba yenyewe. Nyamaza miaka minne, na faini peke yake imefika Sh240,000, sawasawa na ulichokopa. Wanaolia kuhusu HELB, wengi hawakuumizwa na riba. Waliumizwa na kunyamaza.

Najua wapo watakaoniambia: ndugu, riba ni riba, ndogo na kubwa. Nawaheshimu, na suala hilo nawaachia masheikh wetu. Nasema tu kwamba Muislamu anayeogopa riba ya asilimia 4 asije akaikimbia na kuangukia kubwa zaidi kwa jina jingine. Na sote tunajua deni lina uzito gani katika dini yetu. Mtu akifa, mirathi haigawanywi mpaka deni lake lilipwe kwanza. Kadhi yeyote atakwambia hivyo.

Sura ya pili ya deni ndiyo ile ya Karen. Ada ya KSL kwa miaka kadhaa imekuwa kama Sh190,000. Ongeza chumba, chakula na nauli. Tukadirie Sh20,000 kwa mwezi, makadirio ya mtu anayejibana, kwa miezi 18 ya masomo na uanagenzi. Hiyo ni Sh360,000. Jumla Sh550,000. Tazama tena: hatua ya mwisho, ambayo haitajwi barazani, inagharimu zaidi ya mara mbili ya mkopo wote wa miaka minne ya chuo kikuu. Na katika uanagenzi, kijana anaweza kupata posho ndogo tu, au asipate kitu kabisa.

Hapa ndipo familia zinapovunjika. Nguvu za ukoo zimeisha kwenye shahada. Harambee ilifanywa siku ya kuingia chuo, basari ilikwisha mwaka wa nne, na mjomba aliye Uarabuni amechoka kutuma. Kilichobaki ni kuuza ploti, au mkopo wa simu, au mkopeshaji wa mtaani anayeshika kadi ya ATM. Piga hesabu ya mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Ukikopa Sh100,000 na kuuzungusha, unalipa Sh8,000 kila mwezi, Sh96,000 kwa mwaka, na deni lenyewe bado liko pale pale. HELB ilikutoza Sh9,600 kwa mwaka kwa deni kubwa kuliko hilo. Kukopa harusi, kulipa matanga, wazee hawakukosea.

Wateja wapo, pesa haziko

Lakini deni halipimwi kwa ukubwa wake tu. Hupimwa kwa kitakacholilipa. Ndiyo maana Lodwar na Kakuma zinafundisha kuliko Nairobi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika Kaunti ya Turkana. Kakuma kuna kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, na jirani yake makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa karibu mwaka 2016. Lodwar ina Mahakama Kuu, na Kakuma ina mahakama ya hakimu. Haja ya wakili imejaa kila upande. Kuna mkimbizi aliyekamatwa njiani bila kibali cha kusafiri. Kuna mama anayetaka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Kuna mjane wa Kiislamu anayetafuta haki yake ya mirathi, na mfugaji aliyeibiwa mifugo mpakani. Kuna ardhi ya jamii ambayo, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kaunti inaishikilia kwa niaba ya wananchi mpaka isajiliwe. Na tangu mafuta yagunduliwe kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, kuna swali la nani anapata nini. Sheria ya Petroli ya 2019 imetenga asilimia 20 ya mgao wa serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii husika. Asilimia 5 ya karatasi huwa pesa tu pale palipo na mtu wa kuifuatilia.

Kwa hiyo kazi ipo. Nilimuuliza binti wa kaka yangu: katika watu unaowahudumia kwa mwezi, wangapi wangeweza kukulipa kama ungekuwa wakili mwenye ofisi yako? Alicheka. "Ami, wengine nauli ya kurudi huwa natoa mimi."

Hilo ndilo jambo la kulielewa. Wingi wa shida za kisheria si sawa na wingi wa kipato cha wakili. Nairobi mawakili wamejaa na wateja wenye pesa wapo, lakini wanagombaniwa. Turkana mawakili ni haba na wateja ni tele, lakini anayelipa ni mtu wa tatu: serikali, au mfadhili. Na mfadhili habari yake tumeiona. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Kakuma ikahisi mara moja. Chakula cha wakimbizi kilipunguzwa, watu wakaandamana, mashirika yakapunguza wafanyakazi. Mkataba wa binti yetu nao unahesabiwa kwa miezi. Mshahara unaotegemea bajeti ya nchi nyingine si mshahara wa kuwekea rehani ploti ya babake.

Na kuna jambo la vijana wakimbizi wenyewe, ambao baadhi yao ni ndugu zetu wanaosema Kiswahili kutoka Kongo na Burundi. Mkopo wa HELB ni wa Wakenya. Kwao kuna ufadhili kama ule wa DAFI, unaosimamiwa na UNHCR, lakini nafasi ni chache. Zaidi ya hapo, uraia ni sharti la mwanzo katika Sheria ya Mawakili ya Kenya. Kijana mkimbizi anayeota uwakili aulize jambo hilo kabla ya lolote jingine. Elimu ya sheria itamfaa katika kazi nyingi, lakini asiahidiwe joho ambalo huenda hataruhusiwa kulivaa.

Basi ina faida gani?

Ukisoma mpaka hapa unaweza kudhani nataka vijana waache sheria. Sivyo.

Sisi wa Pwani tuna deni letu kwa watu wa sheria. Lamu ilipoletewa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wananchi hawakushinda kwa maandamano peke yake. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi ule kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Owino Uhuru, hapo Mombasa, watu waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri walipewa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, wakanyang'anywa ushindi huo Mahakama ya Rufaa, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, si wakili. Lakini bila mawakili waliokubali kubeba faili hiyo miaka yote, asingefika Mahakama ya Juu.

Turkana nao wanaye mtu wa mfano. Ekuru Aukot, mzaliwa wa Kapedo, alisoma sheria, akaongoza Kituo cha Sheria, kisha akawa mkurugenzi wa Kamati ya Wataalamu iliyoandaa rasimu ya Katiba ya 2010. Kabla ya hayo yote alikuwa amefanya utafiti Kakuma, na mwaka 2003 akachapisha makala kuhusu namna Mturkana mwenyeji alivyojiona hali yake ni duni kuliko ya mkimbizi anayelishwa karibu naye. Jambo hilo wageni wengi hawakuliona. Alihitajika mtoto wa nyumbani mwenye elimu ya sheria kulisema.

Na tusisahau kwamba Lamu na Turkana zimefungwa kamba moja. Mradi wa LAPSSET unaanzia bandari ya Lamu na kupita Turkana kuelekea Sudan Kusini. Mafuta ya majaribio yalibebwa kwa malori kutoka Turkana hadi Changamwe, na shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa Agosti 2019. Ardhi, mafuta na bandari ni kesi moja yenye ncha mbili. Jamii isiyo na mawakili wake husomewa mkataba na wakili wa upande wa pili.

Kwa hiyo faida ipo, na ni kubwa. Tatizo ni kwamba faida inakwenda kwa jamii nzima, na deni linabaki kwa msichana mmoja na babake mwenye duka.

Basari inakatikia njiani

Hapa nina neno kwa kaunti zetu, za Pwani na ile ya Turkana. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti zimemwaga pesa nyingi za basari. Lakini nyingi hugawanywa vipande vidogo vidogo: Sh5,000 kwa huyu, Sh10,000 kwa yule, picha inapigwa, mambo yanaisha. Kijana wa sheria anasaidiwa kidogo kidogo kuingia njiani, kisha anaachwa pale pale njia inapokuwa ghali.

Ningependa kuona kaunti ikichagua wahitimu watano tu kwa mwaka, wenye shahada tayari mkononi, na kuwalipia hatua yote ya Karen. Kwa hesabu yangu ya Sh550,000, ni Sh2.75 milioni kwa mwaka. Kwa bajeti ya kaunti hiyo si pesa ya kutisha. Na kuwe na mkataba: ukila kiapo, unatumikia kaunti miaka mitatu kwa mshahara, kwenye ardhi za jamii na kesi za wanyonge. Ukikataa, unarudisha pesa. Ndani ya miaka mitano kaunti ina mawakili 25 wanaojua lugha ya watu wao. Hebu wawakilishi wadi wetu watuambie kwa nini jambo hili haliwezekani.

Jibu langu kwake

Mwanangu, nilikuahidi hesabu, na hii ndiyo ninayoona.

Usiende Karen mwaka huu. Tena usiseme huendi. Kazi ya mkataba unayofanya sasa itumie kwa mambo mawili: kulipa HELB kila mwezi bila kukosa, hata kama ni kidogo mliyokubaliana nao kwa maandishi, na kuweka akiba ya ada. Wakati huo huo ulizia HELB na KSL kama kuna mkopo wa hatua hii mwaka utakaojiunga, kabla hujagonga mlango mwingine wowote. Tafuta wakili wa kukuchukua uanagenzi Lodwar au Kitale, ili ile miezi sita usilipe kodi ya Nairobi. Nenda pale tu ada yote itakapokuwa mkononi, na angalau nusu ya matumizi. Nusu iliyobaki tutaichanga sisi ndugu wa babako, na hilo nimeshawaambia.

Mkataba ukikatika kabla ya hapo, usione haya kufanya kazi ya msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua watu hao, na shahada yako haitaoza.

Mkopo wa simu usiuguse. Mbuzi wa mamako wasiuzwe, kwa sababu yeye hakuulizwa.

Na ploti ya Mtwapa, nimemwambia babako aiache. Akajibu kwamba ploti haina maana kama mtoto hana maisha. Nikamwambia maisha unayo. Unachokosa ni mwaka mmoja na nusu wa kulipiwa, na hicho kinapatikana bila kuuza ardhi, tukikubali kungoja kidogo.

Alikata simu bila kuniaga, jambo ambalo si kawaida yake. Siku ya pili akanitumia ujumbe: "Nimemuuliza mamake. Amesema tungoje."